Meza Zisizo na Vyeo

Wazo likinishika mimi, hata chai siimalizi. Kaka yangu ananijua. Akiniona natembea na kikombe kutoka jikoni hadi mlangoni na kurudi, huniuliza safari hii nataka kuharibu nini. Namwambia akae hapohapo na maneno yake. Mimi ni mwalimu wa ushauri katika shule ya sekondari, kazi yangu ni kuwasaidia watoto wajue watafanya nini maishani, na kazi ya namna hiyo haifanyiki ukiwa umetulia.

Wazo langu la kwanza lilikuwa la kadi, na lilikuwa wazo zuri, asije mtu akaniambia vingine. Kila mwanafunzi akiingia mwaka wa kwanza anaandika kwenye kadi kazi anayoitaka, anaibandika kifuani, na tangu siku hiyo shule nzima inamwita kwa kazi hiyo. Rubani, futa ubao. Wakili, punguza maneno. Mhasibu, mbona hesabu umepata sifuri? Watoto waliipenda mno. Waliokuwa wakitembea wameinamisha vichwa wakaanza kutembea kifua mbele. Wazazi walinipigia simu kunishukuru. Mkuu wa shule, mama mmoja ambaye sifa humtoka kwa shida kama jino, aliniita ofisini akaniambia nimefanya kazi. Walimu wa shule nyingine walikuja kutazama wakaondoka wameiga. Nikavimba kichwa. Kwa nini nisivimbe?

Miongoni mwa waliobandika kadi alikuwemo binti wa kaka yangu. Tunaishi nyumba moja, mimi, kaka, wifi na huyo binti. Kaka ni dereva wa gari la wagonjwa. Kila siku anafikisha watu hospitalini wakiwa hoi, kisha siku nyingine anawaona wanatoka kwa miguu yao wenyewe, kwa hiyo daktari machoni pake si mtu wa kawaida. Binti aliporudi nyumbani na kadi imeandikwa Daktari, kaka alishindwa kukaa kwenye kiti. Kuanzia jioni ile akawa Dokta. Dokta, njoo ule. Dokta, hujaona funguo zangu? Majirani wakadaka, na muuza duka wa pembeni akawa kila akimwona anamtolea ulimi ili amwambie kama ana homa. Tulicheka hadi mbavu zikauma. Mimi nilicheka kuliko wote, maana kadi ilikuwa yangu.

Miaka ikaenda, ukafika mwaka wa kuchagua masomo. Shuleni kwetu ukishachagua ndiyo umeingia njia hiyo, na kurudi nyuma ni taabu tupu. Dokta na wenzake walipewa hadi Ijumaa fulani wamtajie mwalimu wa darasa masomo watakayoendelea nayo. Nilikuwa sina wasiwasi naye hata chembe. Wa kwangu alikuwa na kadi.

Kisha siku moja darasani kijana mmoja, Rubani, alinyoosha mkono akauliza kama anaruhusiwa kubadili kadi yake. Darasa zima likalipuka kwa kicheko. Mmoja akasema ndege imeanguka, mwingine akauliza abiria wamepona wangapi. Niliwanyamazisha, lakini Rubani alikuwa ameshakaa chini na mkono ameuweka juu ya kadi, akasema alikuwa anatania tu. Hakuwa anatania. Nina macho.

Jambo lile lilinikera kutwa nzima. Jioni nilipokuwa namenya viazi na Dokta jikoni, nikamuuliza, kama mzaha, daktari anafanya nini tangu asubuhi anapofika kazini. Akafikiri. Akasema anavaa koti jeupe. Nikamwambia haya, ameshavaa, halafu? Akamenya kiazi kizima, kisha akasema polepole:

"Shangazi, mimi sijui kama huo udaktari nautaka au siutaki. Sijawahi kuufikiria. Kila mtu ameshanifikiria."

Nikaweka kisu chini. Nikamuuliza mbona hajawahi kusema. Akajibu kwamba baba yake anafurahi sana, na mimi pia nafurahi sana, sasa amwambie nani? Akaongeza kwamba Ijumaa ile ikifika atasema baiolojia na kemia, na mambo yatakwisha. Mtoto wa watu anazungumza hivyo kama anayekwenda kulipa faini.

Nilikaa pale jikoni na maganda mapajani, na badala ya huzuni, jamani, nikahisi lile joto la wazo. Wazo langu la kadi lilikuwa limekaa kichwa chini miguu juu! Tulikuwa tunampa mtoto jina la kazi kwanza, halafu tunangoja aipende. Jina lenyewe linameta, kofia inameta, koti linameta, nani atachungulia ndani? Basi tugeuze. Tumpe mtoto kazi yenyewe, jina tulifiche. Aishike, aihangaikie, aone kama mikono yake inaitaka, kisha ndipo aambiwe inaitwaje. Nilitoka jikoni mbio kutafuta kalamu. Kaka sebuleni akaniona, akaguna.

Asubuhi nilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule hata mkoba wake hajaufungua. Nilimweleza kwa pumzi moja. Akanisikiliza huku amekunja uso, kisha akaniuliza kama naelewa kwamba kadi zile ndizo zinazoiletea shule sifa, na kwamba mwezi uliopita tu kuna wageni walikuja kuzipiga picha. Nikamwambia sibomoi kitu, nageuza. Akasema nyumba ikigeuzwa huwa vyombo vinavunjika. Tulivutana. Mwishowe, nadhani ili nimwachie nafasi apumue, akanipa mchana mmoja wa Alhamisi katika ukumbi wa shule, siku moja kabla ya ile Ijumaa. Ukumbi ukigeuka kuwa soko, akasema, kadi zinarudi vifuani na mimi narudi kwenye kiti changu nitulie.

Nilitafuta wageni wa kazi mbalimbali huku na huku, kwa simu, kwa miguu, kwa kubembeleza. Masharti yangu yaliwashangaza. Mgeni aje na nguo za nyumbani. Asitaje kazi yake wala cheo chake, hata akibanwa vipi. Alete tatizo moja tu linalomsumbua kazini wiki hii, la kweli, ambalo bado hajalimaliza, akae nalo mezani awape watoto. Nao watoto wavue kadi mlangoni kabla ya kuingia.

Siku yenyewe nilikuwa natetemeka kwa furaha kama bibi harusi. Wageni walijitahidi, maskini, ingawa wengine walishindwa kujificha. Ofisa wa polisi alikuja na fulana ya maua, lakini alivyosimama wima namna ile hata kipofu angemjua. Mwanasheria kila sentensi yake ilianza na "kwa mujibu wa", nikawa nakohoa ili kumkumbusha. Mwoka mikate ndiye aliyefaulu kabisa. Alieleza habari za kitu kinachopanda vizuri siku za joto na kugoma siku za baridi, na kundi zima likaamini ni fundi wa lifti.

Ukumbi ulichangamka. Watoto waliinamia meza vichwa vimegusana, wanabishana, wanachora juu ya meza kwa vidole. Rubani alikuwa kwa bibi mmoja mpanga ratiba za mabasi, anasogeza vifuniko vya chupa kama magari, na alipoitwa ahamie meza nyingine alijifanya hasikii. Nilitaka kuruka. Lakini macho yangu yalikuwa yanamtafuta Dokta, kwa sababu kesho ilikuwa Ijumaa, na kwenye kila meza nilimwona akitabasamu, akinyamaza, akipisha wengine.

Meza ya mwisho haikuwa hata meza. Alikuwa mwanamke mfupi amesimama karibu na jukwaa, anayefanya kazi ya kufunga spika na vipaza sauti katika kumbi, ingawa watoto hawakujua. Tatizo lake lilikuwa ukumbi wenyewe. Alisema kila anayepanda kwenye jukwaa lile haeleweki, hata kwa kipaza sauti, na yeye anataka aurekebishe bila kununua kitu. Aanzie wapi?

Jambo hilo kila mmoja wetu alilijua. Ule ukumbi ni mrefu, wa zege tupu, na matangazo ya mkuu wa shule humo ndani yalikuwa yanatufikia kama uji. Mkuu aliamini ni utovu wa nidhamu. Kwa miaka yote aliwakalisha watundu safu za mbele ili wasikie vizuri, na bado watundu ndio waliokuwa wakiulizana kasemaje, naye anazidi kuwaadhibu.

Kundi lilimjibu yule fundi wa spika haraka kwamba spika ziongezwe ukubwa. Akasema hana pesa ya spika. Wakasema basi watu wapayuke. Akapayuka, ikawa mbaya zaidi, wakacheka. Dokta hakucheka. Alikuwa amegeuza kichwa kama mtu anayeitwa kutoka chumba kingine. Alipanda jukwaani akapiga kofi moja, akasikiliza. Akapiga tena. Kisha akashuka, akamwomba mwenzake aendelee kupiga makofi pale juu, yeye akaanza kutembea kuelekea nyuma ya ukumbi, anasimama, anafumba macho, anatembea. Watu wakampisha bila kujua kwa nini. Alifika mwisho akaegemeza mgongo ukutani.

Akarudi mbio. Nasema mbio, yule binti ambaye nyumbani tunamwita kula mara tatu ndipo ainuke! Akaja hadi kwa fundi, pumzi juu, akasema pale nyuma kabisa kofi linasikika moja, safi, lakini ukisogea mbele yanakuwa mawili, na ukifika karibu na jukwaa, lile la pili linachelewa kabisa. Kwa hiyo maneno hayapotei, yanakwenda yanagonga ukuta wa nyuma na kurudi kuyaparamia mengine. Ukuta ndio unaojibu.

"Sasa utaufanyaje unyamaze?" fundi akamuuliza.

Dokta akatazama ukuta, akatazama nguo zake mwenyewe, akatutazama sisi. Akasema unahitaji kitu laini cha kumeza sauti, tena kinene. Kisha akasema neno moja, magodoro, na nusu ya ukumbi ikatoka nduki kwenda bwenini.

Lo, kilichofuata! Magodoro yakaingia mlangoni mawili mawili juu ya vichwa, na nyuma yake matroni wa bweni anafoka, anauliza nani ametoa ruhusa. Mwanasheria akamwendea na "kwa mujibu wa" zake akamtuliza. Watoto wakapanda juu ya mabenchi mbele ya ukuta wa nyuma, wakainua magodoro kwa mikono, safu juu ya safu, ofisa wa polisi na fulana yake ya maua akiwa katikati ameshikilia mawili. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni anatazama soko lake. Nikasema leo kadi zinarudi.

Dokta akaniamuru mimi, shangazi yake, nipande jukwaani niseme kitu. Nikaanza hotuba. Akaniambia nisipige kelele, niseme kama nazungumza jikoni. Akasimama safu ya mbele, palepale pa watundu, amefumba macho. Akasema magodoro ya kushoto yapande kidogo. Akasema tena, shangazi. Nikasema tena. Akawataka wasogee pamoja, pasiwe na mwanya. Alikuwa hatuogopi hata mmoja wetu. Mtoto niliyemlea, na sikuwahi kumwona.

Mkuu wa shule akaja taratibu hadi jukwaani akanisogeza pembeni. Hakugusa kipaza sauti. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya ofisini:

"Nyie wa mbele, mnanisikia?"

Safu za mbele zikajibu ndiyo. Akawauliza kama siku zote walikuwa hawamsikii. Wakatazamana, wakajibu ndiyo, na safari hii kwa aibu, kama wao ndio wenye makosa. Mama yule akavua miwani akaifuta. Baadaye aliniambia mlangoni, bila kunitazama, kwamba kila muhula nitapewa mchana wangu mmoja, na kwamba magodoro yarudishwe yakiwa safi. Nikakubali yote. Ningekubali hata kuyafua.

Nilimkimbilia Dokta. Alikuwa na yule fundi, sasa ameshatajiwa kazi, anauliza maswali hata pumzi havuti, ukuta wa mbao je, dari je, mvua ikipiga juu ya bati je. Ilibidi nimvute mkono twende nyumbani.

Njiani sikuhisi ardhi. Kwenye kona tu nilikuwa nimeshamjengea maisha yake yote, chuo atakachosoma, kumbi atakazojenga, mimi nimekaa safu ya mbele. Tulipoingia, kaka na wifi walikuwa mezani wanatusubiri. Sikungoja hata kunawa. Nikasimulia yote, nikaigiza na makofi, nikamwigiza matroni, wifi akacheka mpaka akashika meza. Kaka hakucheka. Aliinamisha kichwa kwenye sahani. Nikajua kinachomuuma, lakini wazo lilikuwa limenishika, ningeacha vipi? Nikainua mkono wa binti kama bondia aliyeshinda.

"Kaka, kuanzia leo huyu si Dokta tena," nikasema. "Muite Injinia. Injinia wa Sauti!"

Binti akautoa mkono wake taratibu.

"Shangazi, usiniandikie nyingine."

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Wifi akanitazama kuhakikisha kama ni mimi kweli. Nilibaki nimesimama, mkono umebaki hewani, maana alikuwa sahihi. Siku nzima nilikuwa nimeficha majina ya watu wazima wote, na jioni tu nikambandika mtoto jina jipya, linalometa zaidi ya lile la kwanza.

Akamgeukia baba yake. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia. Akasema kesho atataja fizikia na hisabati, kwa sababu leo mambo yale yamemsahaulisha hata njaa, na baiolojia ataibakiza vilevile, kwa sababu hajawahi kuitazama kwa macho yake mwenyewe na anataka kuitazama. Huenda siku moja akawa daktari. Huenda akawa kitu ambacho hata jina lake hatulijui pale mezani. Akasema hajui, na alivyosema hajui alikuwa anatabasamu, na safari hii halikuwa lile tabasamu la kunyamazia. Niliona raha sana. Miaka yote nimefundisha watoto kujibu, na sikuwahi kusikia jibu tamu kama lile.

Kaka akageuza kijiko. Ni mtu mzito wa kusema. Alisema kazini kila mtu anajua binti yake ni Dokta, hadi madaktari wenyewe humsalimu kwa jina hilo, baba Dokta. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyevuliwa koti kwenye baridi, na binti akamwona, akasogeza kiti chake karibu.

"Sasa mimi nikuiteje?" kaka akauliza.

"Zamani si ulikuwa unaniita mama?"

Kaka akatazama mlangoni, kisha dirishani, kila mahali isipokuwa usoni mwetu. Halafu akachukua sahani ya binti, akampakulia, akaiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Kula, mama," akasema. "Chakula kinapoa."